Sitatia Sahihi Mahali Nilipochorwa Kama Kijiti

Kamina, Alhamisi, saa ya jua kali

Kwa Bwana Nkashama,
Chef wa Section ya Informatique,
kwenye taasisi yenu ya juu, hapa hapa mjini

Bwana Chef,

Nakuandikia nikiwa nimekaa, maana habari hii mtu akiisimulia amesimama anaweza kuanguka. Afya yangu ni nzuri. Natumaini na yako pia, na kama siyo, jitahidi kupona kabla ya kufika ukurasa wa pili.

Hunijui, na hilo silihesabu kama kosa langu. Mimi ni Likoke Bonaventure, mtoto wa mwanajeshi, nimezaliwa kambini pale Base. Mungu alipogawa bahati nilikuwa mbele ya mstari, na waliokuwa nyuma yangu mpaka leo wanasubiri. Nimekaa Kinshasa, nimekaa Kolwezi, nimevuka mpaka pale Kasumbalesa nikafika Ndola bila mtu kuniuliza jina, na kila mahali bahati ilinitangulia kama mbwa anayejua njia ya nyumbani. Treni ambayo wengine wanaingoja mpaka wanasahau wanakwenda wapi, mimi nikifika stesheni naikuta inapiga honi. Lakini bahati yangu kubwa kuliko zote ni depo ya samaki, ile yenye milango ya bluu kwenye barabara inayoshuka stesheni. Samaki wa chumvi tunaowaita bitoyo, samaki wa jua, samaki wa moshi, wote kutoka ziwani Kinkondja. Watu wanatafuta depo kama ile mpaka meno yanang'oka. Mimi niliamka asubuhi moja nikajikuta mwenye depo, hata jasho sikutoa.

Kwa hiyo ujue unasoma barua ya mtu wa namna gani.

Jambo lenyewe ni hili. Wanafunzi wako watatu walipewa kazi ya kikundi: watafute mfanyabiashara mmoja wa mji, wamwulize mahitaji yake yote, wayaandike katika kitabu kinachoitwa cahier des charges, mwenye biashara atie sahihi, ndipo waanze kutengeneza programu ya kompyuta. Bila sahihi, Jumamosi hii wanapata sifuri, na nimeambiwa sifuri hiyo inameza mwaka mzima. Leo asubuhi wamekuja tena kuomba sahihi. Nimekataa. Nitaendelea kukataa mpaka ofisi yako inyooshe mambo ninayoyaandika hapa chini.

Wenyewe unawajua. Noémie njo mkubwa wao, binti wa mjane anayeshona nguo karibu na soko, anauliza maswali kama hakimu. Hénoch anachora. Yav hasemi, anapiga kompyuta tu, na kompyuta yake betri ilishakufa, kwa hiyo anaandika pale penye courant ya umeme, na courant ya Kamina wewe mwenyewe unaifahamu. Maduka mengine yaliwafukuza kama inzi. Mimi niliwapa viti, nikawapa munkoyo wa baridi wanywe, nikawapa ugali wa bukari na bitoyo. Sasa tazama walivyonishukuru.

1. Kuhusu kuuliza. Mimi nilidhani mtu aliyesoma mpaka huko juu anakuja na majibu. Hawa walikuja na maswali matupu. "Papa, samaki inaingiaka wapi?" Nikasema, mlangoni. "Na inatokaka wapi?" Mlangoni. "Mulango ule ule?" Bwana Chef, mimi nimeulizwa maswali na polisi wa nchi mbili, hakuna hata mmoja aliyenifikisha kwenye mlango ule ule. "Nani njo anafunguaka?" Mimi. Hapo wote watatu wakainama wakaandika, kwa furaha, kama watu waliovumbua almasi. Ukienda kwa fundi wa nguo anachukua kipimo, anakupima, ananyamaza. Hakuulizi mabega yako unayaona yanaanzia wapi.

2. Kuhusu lugha. Kila sentensi ya kitabu inaanza na "Mfumo utapaswa." Mfumo utapaswa kupokea samaki. Mfumo utapaswa kuhesabu samaki. Mfumo utapaswa kutoa habari samaki wakipungua. Musa mwenyewe alishuka mlimani na kumi akaona zinatosha, hawa wamepita arobaini na bado wana karatasi. Na huo mfumo haupo. Nimeutafuta depo nzima, hata nyuma ya magunia. Nani anatoa amri kwa kitu ambacho hakijazaliwa? Mimi mke wangu amezaliwa zamani, yuko mbele yangu kila siku, na sijawahi kuthubutu kumwambia "utapaswa."

3. Kuhusu picha. Hapa naomba uvute kiti. Hénoch amenichora. Duara dogo la kichwa, mstari mmoja wa mwili, miwili ya mikono, miwili ya miguu, basi. Kijiti. Chini yake ameandika "Muuzaji wa mlangoni." Bwana Chef, mimi nina tumbo. Tumbo langu linajulikana mpaka Kabongo, watu waliolala njaa wakiliona wanapata moyo wa kuendelea na safari. Nikauliza kwa upole tumbo liko wapi. Hénoch akanijibu, na adabu anayo, hilo sitamnyima: "Papa, mu ile dessin bantu bote beko vile. Hata général tungemuchora vile." Nikamwambia sawa, nenda kamchore jenerali kwanza, umpelekee, halafu urudi unipe habari kama bado una mguu wa kurudia.

4. Kuhusu nyuzi. Kando ya kijiti changu kuna kijiti kingine, sawasawa na changu, nacho kinaitwa Mama Bibiche, yaani mke wangu. Kati yetu wameweka maduara, na kila duara ni kazi moja ya depo. Kutoka kwenye kijiti cha mke wangu zinatoka nyuzi kwenda kila duara: kuagiza samaki Kinkondja kwa kaka zake, kupokea, kupima, kupanga bei, kutuma baiskeli, kupokea wateja wa jumla. Ukitazama kwa mbali ni buibui. Kutoka kwangu unatoka uzi mmoja, unakwenda kwenye duara moja lililosukumwa pembeni, limeandikwa "Kufungua mlango na kusalimia."

Noémie alikuwa ameniuliza kabla: "Papa, weye njo patron, lakini kazi yako tunaona moja tu. Zingine tulizisahau?" Nikamweleza vizuri kwamba dunia nzima patron hagusi vitu. Kinshasa nilimfahamu patron mmoja ambaye hakugusa kitu chochote isipokuwa kitambaa chake cha jasho, na alikuwa na nyumba ya ghorofa. Nilieleza mpaka munkoyo ukaisha kwenye kikombe. Alichoandika ni hiki: "Patron: kazi zake hazijaelezwa."

5. Kuhusu matabishi. Sasa tunafika panapouma.

Wewe ni mtu wa hapa, unajua kwamba anayenunua fungu la samaki Kamina haondoki kabla hujamwekea juu kidogo cha bure. Hiyo njo matabishi. Muuzaji asiye na matabishi hata akiuza dhahabu, watu watapita mbele yake wakitazama mawingu. Watoto wako wakataka kujua kanuni yake. Kwa kila fungu samaki ngapi? Kwa mteja wa namna gani? Nikawaambia hakuna kanuni, natazama uso.

Wakaomba mifano, nikawapa, kwa sababu mimi sifichi elimu. Akija mwanamke wa Base ambaye mume wake alipelekwa mbali na simu yake haiiti tena, ninamwekea samaki mzima, yule mnene, na ninageuka kutazama barabara ili asinione namtazama. Akija mwalimu kabla mshahara haujafika, ninamwekea wawili na utani mmoja. Akija karani mwenye mkoba chini ya kwapa, asiyesalimia mtu, ninamwekea mkia. Akija mama wa Kasai wa kwaya, yule anayebishana bei kama anayekata kamba, ninamwekea mdogo kabisa, kwa sababu najua atajiongezea mwenyewe. Akija mtoto aliyetumwa na nyanya yake, ninaweka mmoja wa nyanya na mmoja wa kula njiani, ili yule wa nyanya afike.

Yav, yule asiyesema, akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. Akasema: "Papa, machine haina macho."

Nikasema ninunulieni yenye macho.

Wakakaa, wakanong'ona, Noémie akaniuliza kama ninaweza kuupa uso wa huruma alama, kutoka moja mpaka tano. Alama, Bwana Chef. Mwanamke anasimama mbele yako na mzigo wake wote kwenye macho, na wewe unampa tatu. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilipomaliza kukohoa nikakuta wameandika hivi, nakunakilia: "Hitaji la kumi na nne: matabishi hutolewa kwa kutazama uso wa mteja. Haliwezi kuthibitishwa. Lifutwe."

Nilipowauliza nani amewapa ruhusa ya kufuta moyo wa mtu, wakanionyesha syllabus yako. Iko mle, kwa herufi nene, kwamba kila hitaji ambalo haliwezi kuthibitishwa linaondolewa. Basi tuifuate sheria yako mpaka inapotaka kutupeleka. Treni itafika Jumanne: haiwezi kuthibitishwa, futa. Courant itarudi jioni: futa. Mchungaji anasema tutaonana mbinguni: futa, na yeye mwenyewe umweleze. Mimi nilipomwuliza Mama Bibiche kwa nini alikubali kuolewa na mimi, alinijibu, "Minyi mwenyewe siyue, nilijikuta tu." Huo ni ushahidi gani? Futa. Kwa sheria yako ndoa yangu imekufa, watoto wangu wanaelea hewani hawana baba, na mimi natafuta mahali pa kulala kwa sababu ya herufi nene.

6. Nilidhani matusi yameisha, mpaka nikasoma ukurasa wa kwanza, ambao nilikuwa nimeuruka, maana vitabu vingi nilivyoviona ukurasa wa kwanza hauna kitu. Juu umeandikwa "Tatizo la kutatuliwa." Chini yake: "Katika depo hii samaki wanapungua bila kuuzwa. Sababu: muuzaji wa mlangoni anatoa matabishi kupita kiasi."

Muuzaji wa mlangoni ni nani? Rudi kwenye kijiti.

Yaani vijana watatu, syllabus, kompyuta, courant ya kuomba kwa majirani, mwaka mzima wa masomo, vyote vimekusanyika kupigana na mimi. Wataalamu wa nchi nyingine wanatafuta dawa ya malaria. Kamina inatengeneza dawa ya Likoke.

Nikauliza nani aliwaambia maneno haya. Noémie akatazama viatu vyake. "Papa, njo vile Mama Bibiche alitueleza. Na shiye benyewe tuliona. Siku ya kwanza ulitupatia samaki shiye bote, na hatukununua kintu." Unasikia, Bwana Chef? Samaki niliowapa kwa sababu mbavu za Yav zilikuwa zinahesabika, wamewaandika kama ushahidi. Wamewala kwanza, halafu wakawaandika.

7. Malalamiko ya saba ni kuhusu kofia yangu. Haikutajwa popote.

Kwa sababu hizo zote, na nyingine ninazozibana kwa heshima ya cheo chako, naomba ofisi yako iagize yafuatayo. Kijiti changu kipewe tumbo, na lichorwe kwa bikari, si kwa mkono. Nyuzi zangu ziongezwe mpaka zilingane na za mke wangu. Nikisaidia napendekeza kazi za kuwaza, kusimamia, kutazama barabara, na kujua habari za mji kabla hazijafika. Matabishi irudishwe mahali pake, na hiyo kompyuta iletwe ikae na mimi mlangoni msimu mzima wa mvua, ione nyuso, ijifunze kama tulivyojifunza sisi. Ule ukurasa wa tatizo uandikwe upya useme ukweli, kwamba katika mji huu njaa ni kubwa kuliko samaki, na kwamba kuna mtu mmoja mlangoni anayejaribu kusawazisha.

Mambo hayo yakikushinda, basi sisi wauza samaki tutakuja kukuandikia cahier des charges ya section yako. Tutakuja bila kula, tutakaa kwenye viti vyako, tutakuuliza mwanafunzi anaingia wapi, anatoka wapi, na kama ni mlango ule ule. Tutakuchora kijiti. Tutahesabu nyuzi zako. Na kwenye "Tatizo la kutatuliwa" tutaandika kwamba wanafunzi wanaingia wengi na wanatoka wachache, kisha tutatafuta nani amesimama mlangoni. Baada ya hapo kitabu hicho nitakipeleka mwenyewe Lubumbashi, na kama Lubumbashi hawataki kusoma nitakwenda Kinshasa, ambako nina jamaa, na jamaa zangu wana jamaa.

Mpaka siku hiyo, Bwana Chef, kalamu yangu imelala. Sifuri ikija Jumamosi itakuwa na sura yako, si yangu.

Nisalimie Madame sekretari, yule anayecheka kabla hujamaliza kuongea. Nisalimie mlinzi wa lango, mwambie mguu wake uliovimba auinue akilala. Nisalimie walimu wote, wale wanaolipwa na wale wanaosubiri. Wanafunzi wako nisalimie wote isipokuwa watatu, na hao watatu waambie bukari ipo kama kawaida, ugomvi wa karatasi hauingii jikoni.

Kwa heshima iliyochubuka lakini bado inasimama,

Likoke Bonaventure
Depo ya milango ya bluu

P.S. Bwana Chef, barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Noémie amepita sasa hivi, peke yake. Hakuomba sahihi. Alikaa kwenye gunia, akasema: "Papa Likoke, kama hautaki, haina shida. Mama yangu alishauzisha mashini yake ya kushona juu ya huu mwaka. Nitamuelezea minyi mwenyewe." Kisha akanunua fungu dogo la bitoyo. Nikamwekea matabishi, samaki mzuri. Akamtoa juu ya fungu, akamrudisha kwenye meza yangu. "Hapana, Papa. Tulishaandika."

Usiwape sifuri. Yaliyo kwenye kitabu ni kweli, kuanzia ukurasa wa kwanza, na kile kijiti pia, hata bila tumbo. Mahali pa sahihi pameandikwa "Mwenye depo." Wiki iliyopita walitaka kumpelekea Mama Bibiche kitabu atie sahihi, nikawaambia nyumbani kwangu karatasi zote zinapita kwangu. Nilifanya hivyo wasione mkono wa nani unaandika pale. Sasa yeye amekwenda Kinkondja kupakia samaki, anarudi na kamio ya mizigo ya Jumatatu. Wape mpaka Jumatatu, nakuomba kama mzazi. Atakuja na kalamu yake, na mimi nitakuja nyuma nimebeba kitabu. Sahihi yangu hata ningeitia isingekufaa. Depo ni ya Mama Bibiche, alikuwa nayo kabla hajanijua. Ile bahati niliyojisifia mwanzoni nilidanganya.